Siku Kaka Aliponiamkia

Begi la kunirudisha Tanga lilinunuliwa kabla mimi mwenyewe sijaulizwa. Jekundu, kubwa, la magurudumu. Kaka yangu mkubwa alilipandisha hadi ghorofa ya nane kwa ngazi, maana lifti ya jengo letu pale Berea, Johannesburg, ilikufa kabla sijahamia na hakuna aliyeizika. Akalitua kati ya kitanda changu na cherehani, akahema, akasema, "Mtu kwao."

"Kwao wapi?" nikamjibu. "Mimi kwangu ni hapa."

Shangazi yetu, ambaye alikuwa amepanda nyuma yake taratibu huku akishika ukuta, alikaa kitandani na kuanza kunieleza raha zinazoningoja. Nitakaa barazani. Nitakunywa uji. Wajukuu wa ndugu watanitumikia. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, jamani! Nikae barazani nipepewe, nasubiri nini?

Kisa chenyewe kilikuwa mapafu. Mwaka 2016, kwenye ile baridi ya mwezi wa saba ambayo Johannesburg inakung'ata mpaka kwenye meno, nimonia ilinishika pande zote mbili, nikalazwa, wakanitoboa ubavuni kutoa maji. Nilipona. Daktari alinipiga picha ya mwisho akaniambia mapafu yamekuwa safi, niende nikaishi. Lakini wewe lazwa mara moja tu ugenini, uone. Kwa ndugu zako unakuwa si mtu tena, unakuwa mzigo unaosubiri basi. Nikikohoa kwa sababu ya pilipili, shangazi ananitazama kwa huruma. Nikinyamaza, wanasema kachoka.

Na kaka ndiye alikuwa baba yetu tangu baba afariki. Ana duka la mablanketi na mabegi pale Joubert Park, ndipo lilipotoka lile jekundu. Watu wa kwetu mjini wanamheshimu, wakigombana wanapelekwa kwake. Kwetu sisi kaka mkubwa akishasema, kimekwisha. Ningeweza kulia, ningeweza kununa, lakini kumwambia "sitaki" mbele ya shangazi, hilo sikulelewa nalo. Ilibidi nitafute mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa juu ya cherehani yangu siku ile ile. Mimi ni fundi, lakini magauni niliacha zamani. Magauni yana maneno mengi, mara kiuno, mara bega. Ninashona vitu vya watu wanaopanda milima: makoti ya manyoya ya bata yaliyochanika, mifuko ya kulalia iliyong'oka zipu, mahema. Mteja wangu mkubwa, mwenye koti lililokuwa chini ya sindano siku ile, alikuwa mama mmoja wa Kizungu wa huko kaskazini mwa jiji, aliyekuwa akiongoza vikundi vya watu kwenda Himalaya, nchi ya Nepal. Yeye ndiye aliyenieleza habari za nyumba za chai. Huko, alisema, hulali porini. Unatembea kutwa mlimani, jioni unafika nyumba ya watu, wanakupikia, wanakupa chai na kitanda, asubuhi unaendelea hadi nyumba nyingine, siku baada ya siku, mpaka unafika kwenye pengo kati ya vilele viwili. Pale unavuka, unateremkia upande wa pili, umemaliza. Aliwahi kuniambia, nikimshonea vifaa vya kikundi kizima msimu mzima, nafasi moja ni yangu, nijitafutie nauli tu. Nilicheka. Siku ya begi jekundu sikucheka.

"Kaka," nikasema, "tukubaliane. Kuna mlima nitaupanda. Nikivuka pengo lake kwa miguu yangu, begi hili linarudi dukani, na neno la kunirudisha lisisikike tena katika ukoo huu. Nisipovuka, nitalipaki mwenyewe na nitaondoka bila kelele. Shangazi ni shahidi."

Kaka alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona sicheki. "Eish," akasema, "huyu mwanamke! Haya. Lakini na mimi nakuja. Ukianguka, uanguke mbele yangu."

Nilijizoeza kwa ngazi za jengo letu. Alfajiri nilishuka hadi chini na kupanda na ndoo ya maji, jioni nikirudia, safari nyingine na furushi la vitambaa mgongoni. Ghorofa ya tatu aliishi mama mmoja wa Kongo, msusi, aliyekuwa akisukia wateja wake pale kwenye korido ili apate mwanga. Kila nikipita aliinua kichana.

"Mama, uko napanda tena? Juu ya nini uko najichokesha hivi?"

"Kuna watu nataka kuwafunga midomo!"

"Ah! Basi panda, mama, panda!"

Na wateja wake wakapiga makofi, nywele nusu zimesukwa. Mwanzoni nilisimama ghorofa ya nne nikahema na kusikia ule ubavu waliotoboa ukinivuta. Niliuambia, vuta unavyotaka, tunakwenda. Ilipofika mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata nilikuwa nafika juu na ndoo haijamwagika, na nilikuwa namsikia msusi akiniimbia nyimbo za kanisani kwao kunisukuma.

Tukaenda. Kwenye kikundi kila mtu aliyesikia natoka Tanzania aliniuliza nimepanda Kilimanjaro mara ngapi. Nikawaambia nimeiona kwenye kalenda. Hawakuamini, walidhani naficha umahiri. Kaka yeye hakukanusha kitu. Aliweka mikono kiunoni akatazama ile milima kama mtu anayekagua mali iliyoshushwa dukani kwake.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Njia ilipita kwenye mashamba ya ngazi ngazi, tukavuka madaraja ya kuning'inia ambayo nyumbu wakipita na kengele zao wewe unajibana ukutani mwa kamba na kumtaja Mungu. Kaka alitangulia mbele na vijana. Mimi nilikuwa wa mwisho, mimi na mwongozaji wetu Mnepali, kijana mpole asiyeharakishwa na kitu. Nilihesabu pumzi zangu kama nilivyofanya kwenye ngazi. Sikuwa na haraka. Sikuja kushindana na vijana, nilikuja kuvuka.

Nyumba za chai zilikuwa hivyo hivyo kama nilivyoelezwa. Chumba kimoja kikubwa chenye jiko la chuma katikati, bomba lake limetoboa paa, na watu wote wamelizunguka, soksi zinaning'inia juu. Kadiri tulivyopanda miti ikaisha, wakawa wanachoma mavi makavu ya ng'ombe wao wenye manyoya marefu, na wallahi moto wake si mbaya. Vyumba vya kulala vilitenganishwa na plaiwudi nyembamba, mwenzio akigeuka unajua amegeukia upande gani. Kila asubuhi niliugonga ukuta.

"Shikamoo, kaka!"

"Marahaba! Hujafa?"

"Sijafa!"

"Basi amka."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Wazungu wakaizoea, wengine wakasubiri kuisikia ndipo watoke kwenye mifuko yao ya kulalia.

Kuna desturi moja huko: unapolala ndipo unapokula. Kitanda wanakupa karibu bure, riziki yao iko jikoni. Wewe ukija na chakula chako umewanyima. Mimi nilikula wali na dengu zao kwa moyo mmoja, nikiongezwa napokea. Lakini kaka ni mtu wa kwetu. Sisi hatusafiri bila chakula. Hata kwenda kumwona mgonjwa mtaa wa jirani, Bellevue, lazima kuwe na kifurushi. Alikuwa amebeba unga wa mahindi na dagaa kutoka Johannesburg, na kwenye nyumba ya mwisho kabla ya pengo, alipoona wali na dengu kwa mara nyingine, akakataa katakata. Akaingia jikoni kwa watu. Mama mwenye nyumba hakupenda, nilimwona, lakini alimtazama kaka usoni, jinsi alivyovimba chini ya macho, akamwachia sufuria.

Sasa kule juu maji yanachemka upesi lakini hayana moto wa kutosha. Kaka alisonga ule ugali, akasonga, jasho likamtoka, wanawake wa jikoni wameshika midomo kwa kicheko. Ukatoka mbichi. Unanuka unga, unashika kwenye meno. Akaula wote kwa ubishi, na dagaa zake, akitutazama mmoja mmoja.

Jioni ile ile kichwa kikaanza kumuuma. Nilimwona akikibana kwa vidole.

"Kaka, kichwa?"

"Tumbo. Ugali haukuiva."

"Mwambie mwongozaji."

"Nimwambie nini, kwamba nimeshindwa na ugali? Wewe ndiye mgonjwa hapa. Lala."

Sikumbishia. Tulikuwa tuamke kabla ya jua kupanda pengo. Lilikuwa pale pale juu yetu, tumelitazama jioni nzima kupitia dirishani, mkato mweupe kati ya vilele viwili. Mwongozaji alinionyesha njia yake kwa kidole, akaniambia kwa mwendo wangu nitavuka, hana shaka. Nililala nimevaa kila kitu.

Asubuhi nikaugonga ukuta. "Shikamoo, kaka!"

Sauti ikaja polepole, "Shikamoo."

Nikadhani anatania. Nikafunga mkoba, nilipotoka nikamkuta chumba cha jiko, amekaa kwenye benchi, kofia kichwani, kiatu kimoja mguuni. Kiongozi wetu, yule mama mteja wangu, alikuwa mbele yake na kikombe cha chai, anamwuliza kwa Kiingereza maswali wanayowauliza wote kabla ya kupanda. Leo siku gani? Akajibu. Tuko nchi gani? Akajibu. Unajisikiaje? "Sharp, sharp," akasema, na kuinua kidole gumba, kama anavyowajibu wateja wake kila siku. Kiongozi akaridhika, akaenda kwa mwingine.

Nikasimama mbele yake. "Shikamoo, kaka."

Akainamisha kichwa. Akatazama miguu yangu, na kwa sauti ndogo, ile sauti aliyokuwa akimwamkia marehemu mama tulipokuwa watoto, akasema, "Shikamoo."

Nyinyi mnaosoma mnajua. Mkubwa hamwamkii mdogo wake. Hawezi, hata akiwa amelala, hata akiwa amelewa, na kaka hanywi. Yule mtu angeweza kusahau jina lake kabla ya kusahau kwamba yeye ndiye mkubwa.

Nikamshika mkono kiongozi. "Kaka yangu ni mgonjwa. Ateremshwe sasa hivi."

"Nimemwuliza, anajua kila kitu."

"Ameniamkia."

Akanitazama. "Si vizuri?"

"Si vizuri! Mimi ndiye ninayemwamkia yeye!"

Yarabi, mweleze Mzungu hilo, tena kwa Kiingereza, na watu wamevaa mizigo wanangoja mlangoni. Bwana mmoja wa kikundi akasema kwa upole, upole ule unaoudhi kuliko tusi, kwamba kama naogopa pengo si aibu, na mapafu yangu yale, niseme tu. Hasira ilinipanda hadi kwenye masikio. "Mimi naogopa? Mimi nimepanda ghorofa nane na ndoo mwaka mzima kwa ajili ya hilo pengo! Msimamisheni huyu mtu atembee. Atembee kwenye ubao mmoja wa sakafu, aende na kurudi. Akiweza, naomba radhi na tunaondoka."

Mwongozaji ndiye aliyemsimamisha. Kaka aliweka mguu wenye kiatu, akaweka ule wa soksi, akayumba, akaenda na bega kuelekea jiko la moto. Tukamdaka watu watatu. Mwongozaji akasema ni ugonjwa wa mlima, hewa nyepesi ya juu imempanda kichwani, tiba yake ni kushuka, akaenda kuchukua dawa na kamba.

Kiongozi alipanga haraka, na alipanga vizuri, simlaumu. Msaidizi wa mwongozaji atamteremsha kaka, wengine tuendelee. "Wewe huna tatizo lolote," akaniambia. "Kesho kutwa mtaonana chini. Vuka. Najua inavyokuhusu."

Alijua. Nilikuwa nimemweleza habari za begi wakati namshonea makoti yake. Nikatazama mlangoni. Kulikuwa kunapambazuka, na lile pengo lilikuwa limeanza kushika rangi ya waridi, karibu hivi, ungesema ni mwisho wa ngazi zetu. Ningevuka. Sikudanganyi, ningevuka na ningerudi Berea na kumrudishia kaka begi lake.

Lakini akizidiwa njiani, nani atajua? Yule msaidizi atamwuliza, naye atasema sharp, sharp, mpaka aanguke. Hapakuwa na mtu mwingine mlima mzima ambaye angeweza kumwamkia.

"Nipe mkoba wake," nikasema.

Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tuliicheza. Msaidizi alimshika upande mmoja amemfunga kamba kiunoni, mimi upande wa pili, mkoba wake tumboni mwangu na wangu mgongoni. Kila kona nilimwambia, "Shikamoo, kaka." Alinijibu shikamoo. Mara nyingine hakujibu kitu. Mara moja akaniuliza kama uji umepoa. Nikamwambia umepoa, tembea. Nililia huku natembea, machozi yakaganda, nikaendelea kumwamkia. Nyuma yangu sikugeuka hata mara moja, kwa sababu najijua.

Tukateremka mpaka majani yakaanza tena, kisha vichaka, kisha nikasikia mto. Pumzi ikawa nzito na tamu. Tulikuwa tunamkalisha kwenye ukuta wa mawe wa nyumba moja ya chai, mama mwenye nyumba anakuja na chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba! Ebo, mbona unaniamkia kama kasuku? Na kiatu changu kimefungwa na nani hivi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na mikoba yangu miwili nikalia kwa sauti. Yule mama wa nyumba hakujua kilichotokea, akanimiminia chai, akatia sukari nyingi, akanipigapiga mgongoni. Kaka alinitazama, akatazama mlima tulikotoka, akatazama mkoba wake tumboni mwangu. Alielewa. Akanywa chai yake.

Ndugu walikutana kwangu wiki tuliyorudi. Shangazi alipanda ngazi zote, na binamu zetu wawili, wakakaa kitandani na juu ya lile begi jekundu, umeme umekatika, dirisha wazi, kelele za Berea zote ziko chumbani. Kaka alikuja wa mwisho. Alikuwa amekonda kidogo.

"Haya," shangazi akasema. "Alivuka au hakuvuka?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa hilo. Ahadi ni yangu, niliitoa kwa mdomo wangu. "Sikuvuka," nikasema. Niliposikia neno lenyewe ndipo nilipoamini. Nikatazama cherehani yangu. Nilikuwa nimeacha koti la mtu chini ya sindano.

Wote wakamgeukia kaka. Alikuwa anafuta jasho la ngazi.

"Masharti ni masharti," akasema. "Hakuvuka. Nilikuwepo."

"Na mimi sikuvuka," akaendelea. "Kwa hiyo kama asiyevuka ndiye anarudishwa, turudisheni wote wawili. Nani ataliendesha lile duka? Wewe, shangazi? Na njiani nani ataubeba mkoba wangu? Safari hii aliubeba huyu."

Binamu mmoja akaanza kucheka, akaacha alipoona kaka hacheki. Kaka akamwinua kutoka juu ya begi, akalisogeza ukutani kwa mguu, akauliza kama nyumba hii haina chai.

Begi halikurudi dukani. Nimelijazia vitambaa vyangu vya mahema, limetosha kabisa, na lina magurudumu. Kaka hajawahi kuniambia asante, na sitarajii, ningeshtuka. Lakini tangu siku ile ananipigia simu kila asubuhi kabla hajafungua duka, yeye ambaye zamani alinipigia akiwa na shida au amri tu. Ninaiacha sindano, napokea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," anasema, taratibu, analitamka lote ili nilisikie vizuri. "Hujafa?"

"Sijafa."

"Na mimi sijafa," anasema, na kukata simu.